Pozi mbele ya kioo: Mtunisha misuli anajiandaa au anawazibia wenzake?

SAA 12:30 jioni ya Jumatatu ni saa ya foleni kwenye jimu nyingi za mjini. Watu wametoka kazini, kila benchi lina mtu, na kila mtu ana mwenzake anayemsubiri pembeni akijifanya anajinyoosha. Nusu ya waliofika wamekuja kufanya kifua, kwa sababu Jumatatu dunia nzima ni siku ya kifua.

Katikati ya msongamano huo, mbele ya kioo kikubwa kuliko vyote, amesimama jamaa amevua fulana. Amekunja mikono juu, kavuta tumbo ndani, mapaja yamekaza hadi mistari inaonekana. Hanyanyui kitu. Anajiangalia tu, anahesabu kimoyomoyo, anageuka ubavu, anaanza upya.

Nyuma yake kuna kijana ameshika dambeli mbili za kilo 12. Anataka kuona kama mabega yake yanapanda sawasawa, lakini anachokiona ni mgongo wa jamaa. Anasogea kushoto, jamaa naye anageukia kushoto. Basi.

Picha hiyo inajirudia Dar es Salaam, Nairobi, London na Los Angeles, na kila mahali inazaa ugomvi uleule. Upande mmoja unasema jamaa analeta sifa. Upande wa pili unasema jamaa yuko kazini na wenye wivu wamwache. Wote wana kipande cha ukweli, na shida ni kwamba kioo kiko kimoja.

LUGHA ILISHAMHUKUMU

Kwa Kiswahili, mtunisha misuli anaingia kwenye mjadala huu akiwa nyuma kwa bao moja. Neno lenyewe halimtendei haki. Mtu mwenye mapozi ni mtu wa maringo, anayejisikia. Ukisema fulani anaweka pozi, hakuna anayefikiria mazoezi. Watu wanafikiria mtu wa kujishaua anayetaka atazamwe.

Lakini kwa anayeshindana, pozi ndiyo mechi yenyewe. Hili ndilo jambo ambalo wapenzi wengi wa soka hawalijui, kwa sababu mchezo wa kutunisha misuli wanauona kwa picha tu. Jukwaani hakuna chuma. Hakuna anayeulizwa anabeba kilo ngapi. Mshindani anaweza kuwa na nguvu za kuinua gari, na majaji hawatampa hata nusu alama kwa hilo. Wanachohukumu ni kile wanachokiona: ukubwa wa misuli, uwiano wa mwili, jinsi ngozi ilivyokauka mistari ikatoka, na namna anavyovionyesha vyote hivyo.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, IFBB, lina pozi saba za lazima kwa wanaume wa daraja kubwa. Kuna mikono miwili kwa mbele, kutandaza mbawa kwa mbele, kifua kwa ubavu, mikono miwili kwa nyuma, mbawa kwa nyuma, trisepsi kwa ubavu, halafu tumbo na mapaja. Wakubwa wa Mr. Olympia huongezewa moja ya kubana kila kitu kwa pamoja, ile inayofanya shingo ipotee kabisa.

Majaji huwaita washindani wachache mbele na kuwalinganisha bega kwa bega, pozi baada ya pozi. Wakitaka kuona tena, wanarudia. Anayetetemeka anaonekana. Aliyesahau kubana mapaja kwa sababu akili yote iko kwenye mikono anaonekana. Hata anapokuwa amesimama "kawaida" akisubiri wenzake, anatakiwa awe amebana mwili mzima, maana jicho la jaji halipumziki.

Jaribu nyumbani: bana kila msuli ulionao, kuanzia vidole vya miguu hadi shingo, kwa sekunde 20 huku unatabasamu. Kisha ugeuke nyuma ufanye tena. Watu wengi wataishia njiani wakiwa wameshikwa na mkakamao wa paja. Sasa mshindani anafanya hivyo akiwa na wiki kadhaa za kula kwa kupima, mwili hauna mafuta, na nguvu zimekwisha. Pozi asiyoizoea itamwangusha hata kama mwili wake ni bora kuliko wa jirani.

Ndiyo maana makocha wa mchezo huo husisitiza pozi zifanyiwe mazoezi kila siku mashindano yanapokaribia. Kwa lugha ya soka, ni sawa na kikosi kinachorudia kona na faulo hadi kila mchezaji ajue anakimbilia wapi. Hakuna shabiki wa Simba au Yanga atakayesema timu inaringa kwa sababu imetumia nusu saa kupiga kona mazoezini.

HAIKUANZA JANA

Wanaodhani mapozi haya ni ugonjwa wa kizazi cha Instagram wanakosea kwa zaidi ya miaka mia. Septemba 14, 1901, ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London ulijaa watu waliokuja kuangalia wanaume wakionyesha miili yao. Mwandaaji alikuwa Eugen Sandow, mwanamume aliyepata utajiri kwa misuli yake. Kwenye meza ya majaji alikaa mchongaji wa sanamu, Charles Lawes, pamoja na Arthur Conan Doyle, yule aliyemwandika mpelelezi Sherlock Holmes. Mchongaji wa sanamu kuitwa kuhukumu kunasema mengi juu ya mchezo huu. Tangu mwanzo ulikuwa mchezo wa macho.

Mr. Olympia ya kwanza ilifanyika mwaka 1965 na Larry Scott akabeba. Miaka kumi baadaye mashindano hayo yalikuja hadi Afrika, jijini Pretoria, na Arnold Schwarzenegger akashinda mbele ya kamera zilizokuwa zinarekodi filamu ya Pumping Iron, iliyotoka mwaka 1977. Ndani ya filamu hiyo kuna sehemu inayowashangaza wengi hadi leo: Arnold na rafiki yake Franco Columbu, wanaume wawili wenye vifua kama makabati, wanafundishwa na mwalimu wa dansi ya baleti jinsi ya kupeleka mkono na kugeuza kiuno. Hawakuwa wanatania. Walijua kwamba mwili mkubwa unaogeuka kama gogo unapoteza alama.

Mwaka 2024 taji hilo la Mr. Olympia lilikwenda kwa Samson Dauda, mzaliwa wa Nigeria anayeshindana kwa bendera ya Uingereza, ambaye aliwahi kucheza raga. Moja ya sifa ambazo mashabiki wa mchezo humpa ni jinsi anavyotulia kwenye pozi zake. Utulivu wa namna hiyo hauji usiku mmoja. Umefanyiwa kazi mbele ya vioo vingi.

Kwa hiyo hoja ya kwanza imalizwe hapa. Anayejiandaa kwa mashindano ana haki ya kufanya pozi, na kumwita mwenye sifa ni kutoujua mchezo wake. Swali gumu ni wapi, saa ngapi, na kwa gharama ya nani.

KIOO SI PAMBO

Upande wa pili nao una hoja nzito, na huwa hausikilizwi kwa sababu mara nyingi ni upande wa watu wembamba.

Kioo cha jimu hakikuwekwa ili watu wapige picha. Kazi yake ya kwanza ni kumwonyesha anayebeba chuma kama mgongo umenyooka, kama magoti hayaingii ndani anapochuchumaa, kama bega moja halijapanda kuliko jingine. Mzoefu anaweza kufanya bila kioo, kwa sababu mwili umeshakariri. Mgeni hawezi. Mgeni wa wiki ya pili, asiye na hela ya kumlipa mwalimu binafsi, kioo ndicho kocha wake.

Ukimzibia kioo mtu huyo, umemwondolea kocha. Na kwa kuwa ni mgeni, hatasema. Hilo lifikiriwe vizuri. Mtu mwenye mikono myembamba hawezi kwenda kumgusa bega mwanamume wa kilo 105 aliyevua fulana na kumwambia, "Kaka, samahani, naomba kioo." Wengi wangeona bora wafanye vibaya, au waondoke. Baadhi hawarudi tena, na mwenye jimu hajui kwa nini.

Kuna na suala la usalama. Eneo la dambeli ndilo eneo ambalo watu wanatembea na uzito mikononi. Mtu akisimama pale katikati, akapanua mikono ghafla au akarudi nyuma hatua mbili kutazama miguu yake, anaweza kumgonga anayeshusha chuma.

Hapa ndipo sheria za soka zinaweza kusaidia kufikiri. Mchezaji wa akiba ana haki ya kupasha misuli wakati mechi inaendelea. Lazima apashe, la sivyo atachanika dakika ya kwanza akiingia. Lakini anapasha nje ya mstari. Hakuna kocha aliyewahi kudai kwamba kwa kuwa kupasha ni muhimu, basi mchezaji wake apashe kwenye duara la katikati mpira ukiendelea.

Mtunisha misuli anayefanya raundi nzima ya pozi mbele ya dambeli saa 12:30 jioni ni huyo mchezaji wa akiba aliyeingia kwenye duara.

BALOTELLI ALILIPA KADI

Mashabiki wa soka si wageni na pozi. Juni 28, 2012, jijini Warsaw, Mario Balotelli aliifunga Ujerumani bao la pili kwenye nusu fainali ya Euro, akavua jezi, akasimama kama sanamu huku amebana kila kitu. Italia ilishinda 2-1 na picha ile ikazunguka dunia. Wengi wanaikumbuka picha, wachache wanakumbuka kwamba mwamuzi alimpa kadi ya njano.

Mei 24, 2014, kule Lisbon, Cristiano Ronaldo alifunga penalti ya bao la nne dakika za mwisho za nyongeza dhidi ya Atlético Madrid, Real ikishinda fainali ya Ligi ya Mabingwa 4-1. Naye akavua, akatunisha. Mechi ilikuwa imeshakwisha kabisa, lakini sheria inayosema anayevua jezi anapewa njano, iliyokuwepo tangu 2004, haiulizi mechi imekwisha au la.

Kuna tofauti ndogo yenye maana hapo. Wote wawili walifanya pozi baada ya kufunga, sekunde chache, mchezo ukiwa umesimama. Hakuna aliyezuiwa kucheza. Hiyo inafanana na kile ambacho jimu nyingi hukivumilia bila maneno: mtu amemaliza seti yake ya mwisho, mikono imejaa damu, anajigeuza mara moja mbele ya kioo, anaangalia, anaondoka. Sekunde kumi. Nani atakasirika? Kila anayekwenda jimu amewahi kufanya hivyo, hata wale wanaosema hawajawahi. Hasa wale wanaosema hawajawahi.

Utata unaanza sekunde kumi zinapokuwa dakika kumi na tano, kwa muziki wake, na begi lake limewekwa juu ya benchi ambalo watu wanalisubiri.

Halafu kuna suala la fulana. Mshindani atasema hawezi kuona tumbo na mgongo akiwa amevaa, na ni kweli. Lakini jimu ya watu mchanganyiko si ufukwe wa Coco. Kwa Mombasa na Zanzibar jambo hili linakuwa zito zaidi, maana kuna wanachama ambao kuona mwanamume amebaki na kibukta cha jukwaani ni sababu tosha ya kuchukua taulo na kwenda nyumbani. Singlendi iliyokatwa mikono huonyesha mabega na mikono vizuri tu. Kibukta kina mahali pake, na mahali hapo pana mlango.

Mafuta na rangi ya kupaka mwili ndiyo kabisa. Rangi ile ya jukwaani inashika kwenye benchi na kwenye fulana ya atakayelala baada yako. Kwa mafuta, wapenzi wa soka watamkumbuka Adama Traoré akiwa Wolves, aliyekuwa anapakwa mikononi ili mabeki wasimshike. Traoré, ambaye amewahi kusema habebi vyuma na watu wakakataa kumwamini, alikuwa na sababu: bega lilikuwa linamtoka. Mtu wa jimu hana beki wa kumkimbia.

SIMU IMEHARIBU ZAIDI

Kwa miaka mingi ugomvi wa pozi ulikuwa ni wa nafasi tu. Jamaa akimaliza, yamekwisha. Simu ndiyo iliyogeuza jambo dogo kuwa jambo la polisi na wanasheria.

Leo anayefanya pozi mara nyingi ameegesha simu kwenye kisimamio, inarekodi. Sababu yake inaweza kuwa ya kweli, kwa kuwa makocha wengi wanafundisha kwa mbali na wanataka video ya kila wiki. Lakini kioo kina tabia ya kuonyesha kila kilicho nyuma. Dada aliyekuwa anajinyoosha sakafuni, mzee anayehangaika na baiskeli, kijana wa dambeli za kilo 12, wote wameingia kwenye video ambayo hawakuombwa. Ikipanda mtandaoni, hawana namna ya kuishusha.

Mwaka 2016 Marekani ilipata kesi iliyowatisha wengi. Dani Mathers, mwanamitindo wa jarida la Playboy, alimpiga picha mwanamke wa miaka 70 akiwa uchi kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha jimu moja ya Los Angeles, akaiweka mtandaoni kwa kumcheka. Jimu ile ilimfungia milango. Mwaka uliofuata hakupinga shtaka mahakamani na akaadhibiwa kufanya kazi ya kufuta michoro ya ukutani kwa siku 30.

Kesi ile ilikuwa ya chumba cha nguo, na ndiyo inayowahusu watunisha misuli moja kwa moja. Wengi wao wakifukuzwa kwenye kioo cha nje hukimbilia kioo cha chumba cha kubadilishia, kwa sababu taa ni nzuri na nafasi ipo. Pozi pale si tatizo. Simu pale ni tatizo kubwa, hata kama imeelekezwa kwa mwenye nayo.

Na isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019, na mwaka 2023 ofisi inayosimamia sheria hiyo iliitoza sehemu moja ya starehe ya Nairobi faini ya zaidi ya Sh1.8 milioni za Kenya kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila ridhaa yake. Tanzania nayo ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Mwenye jimu anayerusha video za wanachama wake kama tangazo anapaswa kuwa ameshamwona mwanasheria.

Kibao kinageuka pia. Kuna wanaomrekodi anayefanya pozi kwa kumwibia, wanatuma kwenye makundi ya WhatsApp na vikatuni vya kucheka. Mara nyingi anayechekwa ni mshindani wa kwanza kabisa, kijana mwenye wiki chache kabla ya kupanda jukwaa, ambaye hajui hata kusimama. Kumzomea huyo kwa siri ni uoga. Marekani amejitokeza mtunisha misuli Joey Swoll, aliyepata umaarufu TikTok kwa kazi moja tu: kuwaumbua wanaowarekodi na kuwacheka wenzao jimu. Kwamba kazi hiyo imempa mamilioni ya wafuasi ni dalili ya jinsi watu walivyochoka.

VIATU VIREFU

Mjadala huu kawaida huongelewa kama wa wanaume, na hapo wanawake washindani wanapunjwa. Daraja la bikini lilianza Olympia mwaka 2010, na linadai pozi na matembezi ya jukwaani juu ya viatu virefu. Mwili mzuri juu ya viatu ambavyo mguu haujavizoea ni alama zinazopotea. Lazima afanye mazoezi navyo.

Sasa mwambie dada afanye hivyo saa 12:30 jioni, katikati ya wanaume 40. Macho yatakayomwangukia si yale yanayomwangukia jamaa wa mwanzo. Jamaa anaogopwa, dada anatongozwa, au anapigwa picha. Wengi huishia kufanyia sebuleni, mbele ya kioo cha kabati, ambako hawaoni miguu. Ukitafuta anayeumizwa zaidi na ukosefu wa chumba cha pozi, ni yeye kuliko wanaume wote wanaolalamika.

MWENYE JIMU YUKO WAPI?

Lawama nyingi humwangukia anayefanya pozi au anayenung'unika. Mtu wa tatu huwa amekaa kaunta akihesabu risiti.

Mwenye jimu ndiye anayeuza kadi za mwezi bila kuhesabu vioo. Ndiye anayebandika picha ya mtunisha misuli ukutani ili kuvuta wateja, kisha mtunisha misuli halisi akija anamwachia agombane na wateja. Hakuna kibao, hakuna ratiba, hakuna aliyeambiwa kitu siku ya kujiandikisha. Mechi bila mwamuzi, halafu watu wanashangaa kuona rafu.

Wako waliojaribu kuwa waamuzi, wakazidisha. Planet Fitness, mtandao wa jimu ulioanzia New Hampshire nchini Marekani mwaka 1992, uliamua kuwavuta wale wanaoogopa jimu, ukaweka king'ora ukutani. Ukiguna sana au ukiangusha chuma kwa kishindo, kinalia na taa inawaka. Mwaka 2006 mwanachama mmoja jimboni New York alitolewa nje, polisi wakihusika, kwa sababu ya kuguna akiwa amebeba zaidi ya kilo 220 mabegani. Ukibeba kilo 220 huwezi kunyamaza kama uko msikitini.

Kibiashara, kampuni ile haikukosea, maana imekua hadi kuwa na matawi zaidi ya elfu mbili. Lakini njia yake ni kuchagua kundi moja na kulifukuza jingine. Jimu ya Kinondoni au ya Eastleigh yenye wanachama 150 haina anasa hiyo. Inawahitaji wote, mtunisha misuli anayeipa jina na mama wa miaka 50 aliyeambiwa na daktari apunguze sukari. Mama huyo ndiye anayelipa mwaka mzima bila kukosa.

Ukumbi wa aerobiki ndio jibu lililolala mbele ya macho. Jimu nyingi za kati zina chumba chenye vioo ukuta mzima ambacho kinatumika saa moja asubuhi na saa moja jioni, muda mwingine kimefungwa na ufunguo uko kwa meneja. Jimu kubwa za Uingereza na Marekani zenye washindani wengi zimekwenda mbali zaidi, zimetenga chumba cha pozi chenye taa za juu kama za jukwaani. Hapa hakuna anayedai taa. Ufunguo tu.

MTAANI NI TOFAUTI

Kuna mahali ambapo ugomvi huu hauchukui sura hiyo. Jimu za mtaani, zile za uani chini ya bati, zenye vyuma vya kuchomelea, ekseli za magari na makopo ya saruji, mara nyingi zina kipande kimoja cha kioo kilichopasuka pembeni. Kwa hesabu, huko ndiko ugomvi ungekuwa mkubwa.

Lakini huko kila mtu anajua jina la mwenzake. Anayejiandaa kwa mashindano anajulikana, tarehe inajulikana, na akianza pozi wengine wanaacha vyuma na kuwa majaji. "Mguu wa kushoto umelala, mwamba." "Bana tumbo!" Mkubwa wa pale, ambaye vijana humwamkia kabla ya kugusa chuma, anasema inatosha, na inatosha. Mgeni naye anaelewa kwamba amekuja ugenini, kwenye nyumba ya watunisha misuli, na si haki yake kulalamika kwamba wanatunisha.

Ukihamia jimu ya ghorofani yenye viyoyozi, unalipa Sh100,000 au zaidi kwa mwezi na hujui jina la mtu yeyote. Kila mmoja ana spika zake masikioni. Hakuna wa kusema "inatosha", na hakuna wa kusema "mguu wa kushoto umelala". Mshindani anafanya pozi peke yake katikati ya watu hamsini, na kila mmoja wao ana maoni ambayo hatamwambia.

Zipo dalili za kumtambua nani ni nani. Mshindani wa kweli mara nyingi huuliza. Anakwenda kaunta, anasema nina mashindano baada ya wiki sita, nipangieni muda. Anakuja saa nne asubuhi au karibu na kufunga, anajisogeza pembeni, anatoka kwenye kioo akiona mtu ameshika chuma. Mtafuta kiki huja saa ya watu wengi kwa sababu watu ndio anaowahitaji. Ukimwambia ukumbi wa ndani uko wazi, atakuambia taa yake si nzuri.

Kuhusu wale wanaonung'unika, wapo ambao hawajawahi kuomba. Wamekaa na hasira miezi mitatu, wamemwita jamaa majina yote kwenye kundi la WhatsApp, na sentensi moja ya "Kaka, nipishe seti mbili" hawajaitoa. Watunisha misuli wengi, licha ya sura na shingo zao, husogea mara moja wakiombwa, tena kwa kuomba radhi. Mtu anayejiangalia mgongo kwa makini kiasi hicho mara nyingi hana habari kwamba kuna mtu nyuma.

Saa tatu na nusu usiku jimu inabaki na watu watano. Darasa la aerobiki limekwisha tangu saa mbili, chumba kina vioo ukuta mzima, na mlango una kufuli. Jamaa anafanya raundi yake ya mwisho palepale mbele ya dambeli, mfagiaji akimzunguka na dekio.